Jedwali la Kila Ijumaa

Jumatatu, 2 Juni

Siku hamsini na tisa. Nimezihesabu asubuhi kwenye kalenda ya ukutani mpaka chai ikapoa. Mkataba wangu unaisha tarehe 31 Julai, miaka sita kamili, na masharti yake sihitaji kuyasoma tena: makala mbili kwenye majarida ya daraja la kwanza, jina langu likitangulia. Ukizipata unabaki kazini mpaka ustaafu. Ukizikosa unarudisha ufunguo. Mimi ninayo moja.

Ya pili ninayo na sina. Inahusu bakteria wanaoishi kwenye maji ya chumvi ya kuvundikia mabua ya mchicha, yale ambayo kila nyumba hapa Shaoxing ina mtungi wake na kila mgeni anashika pua. Nilikuwa nimeipeleka kwenye jarida moja la nje, wakakaa nayo miezi minane bila hata kuniambia wameipokea vizuri au vibaya. Profesa Pang, mkuu wa idara yetu, akanishauri niiondoe huko niilete kwenye jarida letu, linalotolewa hapa hapa ghorofa ya tatu, na yeye ndiye mhariri mkuu. Ikatoka Februari. Jarida letu liko daraja la pili, lakini mwezi huu kampuni inayopima majarida inatoa alama mpya, na Pang anaapa tutapanda. Likipanda jarida, makala yangu imepanda, nami nimebaki. Lisipopanda, basi.

Mtu mzima wa miaka thelathini na saba, nina shahada tatu, nasubiri namba ya mtu mwingine.

Alhamisi, 5 Juni

Kabati la joto la kuoteshea bakteria limezima tena. Visahani arobaini vimeharibika. Fundi anasema atakuja "wiki hii," na wiki imebaki siku moja.

Ijumaa, 6 Juni

Ijumaa ni siku ya jedwali. Tangu mwaka jana, kila makala inayotoka kwenye jengo hili kwenda jarida lolote duniani lazima itaje makala tano za jarida letu zilizotoka ndani ya miaka miwili. Alama ya jarida ndiyo hiyo: makala zako za miaka miwili zimetajwa na wengine mara ngapi. Zihusu, zisihusu, wewe taja. Mtu anaandika juu ya maji machafu ya kiwanda cha kutia vitambaa rangi, katikati anataja makala ya mtindi. Mimi ndiye ninayeweka orodha: jina la mtu, makala yake, ametaja ngapi. Waliofika tano nawapaka kijani, wasiofika nyekundu. Saa kumi jioni namtumia Pang, naye anaitupa kwenye kundi la simu la idara ili wenye nyekundu waone haya. Kazi hii Pang alinibebesha, kana kwamba sina visahani vyangu vya kuangalia.

Mwenye nyekundu ya kudumu ni Fei Keming, tunayekaa naye ofisi moja. Mwaka mzima, sifuri. Nimembembeleza, nimemtania, nimemnunia siku tatu, wapi. Leo nimemvaa tena.

"Dada Geng," akaniambia, "makala yangu ni ya kuvu ya mianzi. Huyo mtu wa mtindi nimtaje kwa lipi?"

"Mshukuru tu kwa mchango wake, uweke namba."

"Mchango gani?"

Ananiita dada kwa sababu tulisoma kwa mwalimu mmoja nami nikamtangulia, lakini dada mwenyewe hamsaidii. Anajifanya msafi. Ana miaka miwili mbele kwenye mkataba wake, anaweza kuumudu usafi. Nimempaka nyekundu, nikatuma.

Jumanne, 10 Juni

Mvua za plamu, zile za wiki nyingi matunda hayo yanapoiva, zimeanza. Nguo hazikauki, chumvi imekuwa tope, na kwenye viatu vyangu vya ngozi kumeota kuvu nzuri ya kijivu, iliyonawiri kuliko chochote nilichowahi kuotesha maabara. Shaobo, mume wangu, akasema niipeleke kwenye jarida. Sikucheka.

Ijumaa, 13 Juni

Jedwali limetumwa. Keming, nyekundu.

Pang ametengenezesha bango la kitambaa chekundu, mita sita, la kutundikwa mlangoni: TUMEINGIA DARAJA LA KWANZA, halafu nafasi ya kuandikia alama yetu. Ameagiza pia meza mbili kwenye mgahawa wa kando ya mfereji, na samaki, na mvinyo wa mchele wa miaka kumi. Alipita ofisini kwetu akanigonga meza kwa kidole. "Geng, mwaka huu wako." Najichukia ninavyofurahi mtu huyu akinitaja jina.

Jumapili, 15 Juni

Nimempeleka mwanangu Nuomi kupimwa sare. Shule ya msingi ya chuo inachukua watoto wa wafanyakazi tu, na mzazi awe bado yumo kazini tarehe 1 Septemba. Mama wa kupima akaniuliza nafanya idara gani. Nikamjibu haraka haraka, kama mtu anayevuka na tiketi iliyokwisha muda. Nuomi aliinua mikono apimwe kifua, akaniuliza kama kweli kuna bwawa la kuogelea. Lipo. Akataka kujua kina chake.

Jumatano, 18 Juni

Nitaandika yote, maana kesho nitaanza kujidanganya.

Alama zilikuwa zinatoka saa nane mchana. Tulikusanyika wote chumba cha mikutano, wahadhiri na wanafunzi wa udaktari, watu kama thelathini, miavuli inatiririsha maji sakafuni. Pang akaunganisha kompyuta yake ili ukurasa uonekane ukutani. Akaandika jina la jarida letu taratibu, herufi moja moja, kwa makusudi, anatuchezea roho. Akabonyeza.

Jina likaja. Namba ya usajili ikaja, mji, nchi. Mahali pa alama palikuwa na mstari mfupi, kakistari tu.

"Mtandao," Pang akasema. Akafungua upya. Kakistari. Akafungua mara ya tatu. Mtu nyuma akafungua kwenye simu yake, akasema kwa sauti ndogo kwamba jarida la Nanjing lina alama, la Wuhan lina alama, yote yana alama. Letu peke yake ndilo lililokuwa kama dirisha lililofungwa.

Keming ndiye aliyeipata. Kuna orodha nyingine, ambayo hakuna anayeisoma, ya majarida yaliyoondolewa mwaka huu. Akanisogezea simu chini ya meza. Tulikuwa wa kumi na moja. Kwenye safu ya sababu: kujitaja kupita kiasi.

Niliisoma nikajisikia nimevuliwa nguo. Kisha simu ikapita mkono kwa mkono mpaka ikamfikia Pang. Aliisoma amesimama. Hakukunja hata uso. Akasema mashine zao zimekosea, kesho anawaandikia, kila mtu arudi kazini. Watu wakatoka kwa adabu sana, kama wanatoka kwenye chumba cha mgonjwa. Bango lilikuwa limesimamishwa pembeni ya mlango, limeviringishwa vizuri na kufungwa utepe, na kila aliyetoka alilikwepa.

Jarida lisilo na alama halina daraja. Makala yangu ya mchicha haiko daraja la kwanza, haiko la pili, haiko la nne. Nilikaa chooni dakika ishirini. Nilikuwa na hasira na jarida la nje, na kampuni ya alama, na Pang, na mvua. Sikumaliza orodha.

Alhamisi, 19 Juni

Mvua.

Jumatatu, 23 Juni

Kampuni imejibu. Aya tatu, adabu tele. Wanasema mwaka jana, kati ya kila mara kumi tulizotajwa, saba zilitoka kwenye anwani yetu wenyewe. Hawakusema anwani ya mji, walisema ya jengo.

Jarida zima likizungumza na sebule yake. Na tungeweza kulijua hilo wakati wowote, kwa sababu jedwali ninalo mimi. Hesabu ilikuwa mbele ya macho yangu Ijumaa zaidi ya sitini, nami kazi yangu ilikuwa kuipaka rangi. Jamani, tumelilisha jarida mpaka tumeliua.

Keming hakusema hata "niliwaambia." Alinunua maandazi ya mvuke yenye mboga kavu, akaniwekea mawili juu ya meza, akaendelea na kazi zake. Nimemwangalia sana leo. Mwaka mzima nilimhesabu kuwa mbinafsi, kumbe alikuwa mtu mmoja kwenye jengo zima aliyekataa kuandika uongo, na mimi ndiye niliyekuwa nikimpigia kelele. Nimeona haya.

Ijumaa, 27 Juni

Saa kumi jioni nikajikuta nimefungua jedwali. Mazoea. Hakuna aliyeniuliza.

Jumatano, 2 Julai

Pang aliniita baada ya chakula cha mchana. Alinimiminia chai yeye mwenyewe, kwa mikono miwili, jambo ambalo hajalifanya tangu niingie jengo hili. Nilipoiona ile chai nikajua kuna kitu.

Chuo kimeunda kamati. Inakaa Jumatatu. Inataka kujua nani alibuni mpango wa marejeleo, yaani huu wa kujitaja. Pang akatoa karatasi iliyokwisha kuchapwa, akaigeuza inielekee, akaweka kalamu juu yake. Ilikuwa fupi. "Mimi, Geng Suqin, nilibuni na kuendesha jedwali la marejeleo kwa hiari yangu, bila mkuu wa idara kujua."

Nikamwuliza kama anatania.

"Sikiliza, binti yangu," akasema. "Ukiweka sahihi, mimi nabaki mhariri. Nikibaki mhariri, jarida linaomba kurudishwa mwakani. Nami nakuombea mwaka mmoja wa nyongeza. Nimeshazungumza nao, upo. Unaonywa kwa barua, basi, imekwisha. Mtoto anaingia shule."

"Na nisipoweka?"

"Tunaanguka wote. Wewe unatangulia, kwa sababu tarehe yako iko karibu."

Hakupandisha sauti hata kidogo. Kilichoniudhi kuliko vyote ni kwamba alikuwa anasema kweli. Nikasema naomba nifikirie. Akasema bila shaka, mpaka Jumatatu, akaniongezea chai.

Nimetembea mpaka nyumbani bila kufungua mwavuli. Mwaka mzima natumwa kama tarishi, nachukiwa na wenzangu kwa ajili yake, halafu leo mimi ndiye niliyebuni. Ati kwa hiari yangu. Sawa. Ujumbe wetu wote wa simu ninao, sijafuta hata mmoja. Kesho nautoa wote tangu mwanzo, nione atasema hakujua nini.

Alhamisi, 3 Julai

Nimeupata mwanzo.

Tarehe 14 Machi mwaka jana, saa tatu na dakika kumi asubuhi. Anayeandika ni mimi. "Profesa, samahani kwa kukusumbua. Kuhusu ulilosema mkutanoni, naweza kutengeneza jedwali la kila mtu lenye rangi. Watu wakijiona nyekundu watajitahidi." Mwishoni nimeweka kauso kanakotabasamu.

Jibu lake lilikuja baada ya saa mbili. "Wazo zuri. Nitumie kila Ijumaa."

Nimeusoma mara nne, nikatafuta ujumbe wa kabla yake, nikidhani labda kuna agizo nimelisahau. Hakuna. Sasa mkutano wenyewe nimeukumbuka. Pang alilalamika kwamba jarida ni dogo, kwamba hata sisi wenyewe hatulisomi, tulitaje angalau mara tano. Watu wakatazama meza. Ingeishia hapo, kama yanavyoishia malalamiko yake yote. Mimi nikaona ukimya ule ni nafasi yangu, nikatoka nikaenda kukaa ngazini nikamwandikia. Nilitaka anijue. Miaka minne nilikuwa pale na alikuwa bado ananichanganya na mwingine.

Nimerudi nyuma kwenye daftari hili hili mpaka tarehe 6 Juni. "Kazi hii Pang alinibebesha." Sikuwa namdanganya mtu, hakuna anayesoma humu. Nilikuwa naamini. Nimemwambia Shaobo hivyo, nimemwambia Keming, nimeamini mwenyewe mwaka na miezi mitatu, na tarehe 18 pale chooni nilipokuwa nawahesabu wa kuwakasirikia, jina langu halikuwemo.

Kwa hiyo ile karatasi ni ya kweli, karibu yote. Nilibuni, kweli. Niliendesha, kweli. Kwa hiari yangu, kweli tupu. Uongo ni maneno matano tu ya mwisho.

Ijumaa, 4 Julai

Keming amenisubiri mpaka wengine wametoka. Alifunga mlango, akabaki ameshika kitasa.

"Dada Geng, ni bora uisikie kwangu. Nimeweka sahihi ya ushahidi."

"Ushahidi wa nini?"

"Kwamba wewe ndiye uliyekuwa unanifuata kila wiki nitaje. Si kweli?"

"Ni kweli. Na kwamba Pang alikuwa hajui?"

Akatazama viatu. "Hilo limo kwenye karatasi hiyo hiyo."

"Keming, Pang alikuwa analituma jedwali kwenye kundi la simu. Umo kwenye kundi hilo."

"Kundi limefutwa Jumanne," akasema.

Nikamwuliza amepewa nini. Hakuficha, kwa hilo namsifu. Faili lake la kupanda cheo linakwenda Septemba badala ya mwakani. Mke wake ana mimba ya miezi saba. Aliomba radhi mara mbili, ya pili akinitazama usoni.

Nilitaka nimrushie kitu. Kilichokuwa karibu kilikuwa kikombe changu, nikakishika, nikakirudisha. Nilimwita msafi kwa kumtukana, nikaja kumwita msafi kwa kumsifu siku kumi nzima, na mara zote mbili sikuwa namwona yeye. Keming ni mtu mwenye mkataba, kama mimi. Nilipokuwa nampaka nyekundu mbele ya idara nzima sikumwuliza hali ya mke wake hata siku moja.

Shaobo amesema niweke sahihi. Amesema kwa upole, akiwa anapiga pasi sare ya Nuomi isiyohitaji pasi.

Jumatatu, 7 Julai

Wajumbe watano, mwenyekiti ni mama mmoja wa ofisi ya makamu mkuu wa chuo, nywele fupi, miwani shingoni. Pang alikaa upande wa dirisha. Alinitikisia kichwa nilipoingia, kirafiki kabisa.

Nilikuwa nimeichapa upya ile karatasi. Mwanzo niliuacha kama alivyouandika: mimi, Geng Suqin, nilibuni na kuendesha jedwali kwa hiari yangu. Maneno matano ya mwisho niliyaondoa. Nikabandika ujumbe wangu wa tarehe 14 Machi, pamoja na kauso kake, na jibu lake chini. Nikabandika orodha ya Ijumaa zote na saa aliyofungua kila jedwali. Mwisho kabisa, chini ya jina langu, nikaandika la Pang.

Mwenyekiti akasoma, akavaa miwani, akasoma tena. "Mbona majina mawili?"

"Ndivyo tunavyoandika kwetu," nikamjibu. "Aliyefanya kazi jina linatangulia. La Profesa linakaa mwisho, kama msimamizi. Makala zangu zote za miaka sita ziko hivyo, hata zile alizozisoma zikiwa zimeshachapwa."

Mjumbe mmoja akakohoa, au alicheka, sijui. Pang akasema huu ni utovu wa adabu. Mwenyekiti akamwuliza kama ule ujumbe ni wake. Akasema angependa kupata muda wa kuuangalia. Mwenyekiti akampa karatasi auangalie pale pale.

Sikujisikia shujaa. Kila neno la ujumbe ule lililosomwa lilikuwa linaniaibisha mimi kabla ya kumfikia yeye.

Kwenye korido Pang alinipita, akarudi hatua mbili. "Ulikuwa na mwaka mmoja mkononi," akasema.

Nikamwambia najua.

Alhamisi, 10 Julai

Mvua zimekoma. Joto limeingia siku hiyo hiyo, bila hata kupumzika. Nimeanika magodoro.

Ijumaa, 18 Julai

Uamuzi umetoka. Pang anaacha uhariri kwa sababu za afya, anabaki mkuu wa idara. Jarida litaomba kurudi baada ya miaka miwili. Keming hakutajwa, na nimefurahi kidogo kuliko ninavyopaswa. Mimi nimepewa barua ya onyo, na nyongeza haipo, kwa kuwa mkuu wa idara hakuniombea. Makala yangu ya mchicha imeandikwa "haihesabiki." Kazi ya miaka mitatu, bakteria niliowalea kama wanangu, haihesabiki.

Tulipomaliza kula Shaobo alikusanya vyombo. Kisha akasema, "Ungenyamaza tu, ungekufa?"

Nikaenda kuviosha.

Ijumaa, 25 Julai

Masanduku manne. Visahani vyote nimevichemsha na kuvitupa. Keming amenisaidia kubeba mpaka kwenye lifti.

Alhamisi, 31 Julai

Nimerudisha ufunguo saa nne asubuhi. Dada wa ofisi ya utumishi, mdogo, mpole, alinipa fomu niweke sahihi. Makala zinazotakiwa: mbili. Zilizopatikana: moja. Akanionyesha kwa ncha ya kalamu mahali pa sahihi, akanitakia kila la heri.

Jioni nikamwambia Nuomi. Tulikuwa tumekaa sakafuni mbele ya feni tunakula tikiti. Nikamwambia hatakwenda ile shule yenye bwawa, atakwenda ya mtaa wa bibi, nayo ni nzuri. Alitafuna kwanza, akatema mbegu, akaniuliza kama ameshindwa mtihani wa kupimwa.

"Wewe hujashindwa. Aliyeshindwa ni mama."

"Ulikosa ngapi?"

"Moja."

Akanitazama kwa huruma kubwa, kama ninavyomtazama mimi akikosea hesabu rahisi.

"Moja tu? Mwalimu wako hakuweza kukuongezea?"

Nikamwambia aliweza.